Clovis na Mazishi ya Lukafu

Maelezo ya shahidi, yaliyochukuliwa katika kituo cha polisi, komuni ya Kenya, Lubumbashi, Jumanne tarehe 18 Juni 2024, saa nne asubuhi.

Jina: Marceline Mwenya. Umri: miaka 47. Kazi: mshonaji wa nguo. Makazi: Bel-Air.

Cherehani yangu iko mbele ya karakana ya Clovis Chomba, fundi wa kuchomelea vyuma hapa Kenya. Clovis alifungwa kwa wizi wa nyaya, akaachiliwa mwezi wa kwanza mwaka huu kabla ya kumaliza kifungo, kwa sharti asitoke Lubumbashi bila ruhusa. Nasema wazi, simpendi. Cheche zake zimetoboa vitambaa vya wateja wangu mara ngapi, na pole hajui kusema.

Jumamosi tarehe 8 Juni mama yake alizikwa Lukafu, nje ya Lubumbashi. Siku hiyo sikuja kazini. Jumatatu tarehe 10, kama saa tatu asubuhi, jirani yangu Chilufya, aliyekuwa ametoka mazishini, aliniambia: "Clovis naye alitupa udongo kwa kaburi." Nikajisemea, ehe, huyu hajaacha ujanja wake.

Jumatano tarehe 12, saa nane mchana, alipita afisa anayefuatilia watu walioachiliwa kwa masharti. Aliniuliza kama Clovis ametoka mjini. Nikajibu: "Alikuwa Lukafu, kwa mazishi." Hakuniuliza nimejuaje, na mimi, Mungu anisamehe, sikumwambia. Aliandika, nikaweka saini bila kusoma.

Jana saa kumi jioni Lydie, mdogo wake Clovis, alikuja na karatasi ya kesi. Alhamisi hii Clovis anasikilizwa mahakamani, na wakimkuta na kosa anarudi gerezani miaka mitatu. Kwenye karatasi imeandikwa kwamba mimi nilimuona Lukafu. Lydie akasema: "Mama Marceline, ni miye nilitupa ule udongo. Kwetu mutoto wa kwanza akikosekana, mudogo wake anamutupia udongo na anaita jina ya ule mukubwa."

Sikumwamini. Ndugu atasema lolote kumwokoa ndugu yake. Nikaenda moja kwa moja kwa Chilufya, nikamuuliza: "Ulimuona na macho yako?" Akaanza kukunja na kukunjua kitenge chake. "Nilikuwa nyuma, bantu balikuwa bengi. Nilisikia banaita jina yake. Na weye, nani alikutuma kwenda kusema kwa polisi?" Aibu ilinishika.

Clovis alikuwa wapi siku hiyo, sijui. Huenda alikwenda, huenda hakwenda. Hata Lydie bado namshuku. Na wewe pia, shefu, maana leo umeniuliza mara mbili kama nina hakika sikumuona. Sikumuona. Nilisikia kwa Chilufya, na Chilufya alisikia jina tu. Mkitaka kumrudisha ndani, tafuteni macho ya mtu mwingine. Yangu hayakuwa Lukafu.

Hayo ndiyo niliyo nayo, na safari hii nimeyasoma mwenyewe kabla ya kusaini.

(Saini) Marceline Mwenya

Afisa: Nimeyaandika mimi, Edouard Kasonde, mbele ya shahidi. Shahidi alikataa kuinuka kitini mpaka nipige mstari kwenye nafasi tupu iliyobaki juu ya saini yake, lisije likaongezwa neno. Nimeupiga.