Maswali Niliyomuuliza Nafula

Mama mpendwa,

Nakuandikia nikiwa garini hapa Suwaidi, Riyadh, nikimngoja madam atoke dukani. Ningekuwa na mtu mwingine wa kumwambia haya, nisingekusumbua huko kaburini.

Unakumbuka ulivyoninoa kwa mashindano ya hotuba nikiwa darasa la saba? Ulinisimulia hotuba za kale za waliopinga utumwa huku ukikatakata sukuma, kisha ukanitungia yangu kwa mtindo wao. "Je, mtoto wa mtumwa akilia, halii kama wako?" Mimi nikawa nayakimbiza maswali, nawe unanigonga na mwiko. "Pole pole! Ukimwambia mtu amekosa, atakubishia. Muulize, halafu unyamaze. Atajijibu mwenyewe, na jibu lake hatalipinga." Nilirudi na kombe, ukalionyesha hadi kwa muuza maziwa.

Mama, bado najua kuuliza.

Nafula ni msichana wa kazi katika nyumba ninakofanya kazi ya udereva. Hana siku ya kupumzika, na analala kando ya mashine ya kufulia. Wiki jana, madam akiwa amejilaza baada ya chakula cha mchana, Nafula aliingia garini na mfuko wa plastiki wenye nguo zake.

"Kaka, nipeleke tu steji ya mabasi. Binamu yangu ako Jeddah, mtaa wa Karantina, ataniweka."

Ni mwendo wa dakika ishirini tu hadi stejini. Lakini kafili wetu, mwajiri anayetudhamini huku, ni mmoja, na akikasirika, ikama yangu, kibali cha kuishi hapa, haifanywi upya. Niliogopa. Badala ya kumwambia hivyo, niligeuka nikamuuliza taratibu, vile ulivyonifunza: "Pasipoti yako iko na nani? Polisi wakikushika njiani, utamtaja nani? Na mamako atakula nini?" Kisha nikanyamaza.

Aliuchukua mfuko wake. Akafungua mlango, akarudi ndani kuosha vyombo.

Naona aibu, Mama. Wale waliopinga utumwa waliuliza ili watu waachiliwe, mimi nimeuliza ili mtu arudi alikofungiwa. Na aibu inayonila zaidi ni kwamba, kwa dakika moja, nilifurahi kuona nimeweza.

Leo asubuhi ameniletea chai garini. Hakuniita kaka. Amesema, "Chai yako, bosi," vile anavyomwambia mwenye nyumba.

Lala salama, Mama.

Mimi mwanao, mshindi wako wa hotuba.