Kahawa ya Kutafuna Huko Meksiko

Shikamoo dada Koku,

Leo huku Meksiko ni siku ya mapenzi na urafiki. Alfajiri wapiga magitaa walikuja kuimba chini ya dirisha letu. Kijana mmoja aliwakodi wamwimbie mchumba wake wa ghorofani. Shemeji yako akawaambia, kwa Kiswahili, kwamba wageni hawaachwi nje. Akawaingiza wapiga magitaa wote, akawagawia ile kahawa ya kutafuna uliyotufungia kule Kayanga. Vinywa vikajaa kahawa, nyimbo zikaishia hapo. Binti akateremka kuuliza kulikoni, akamkuta kijana peke yake nje na maua. Bado wanaongea.

Tunda la mwisho la kahawa hiyo shemeji yako alilipasua, punje moja akala, nyingine akanipa, kama wanavyoapiana marafiki kwetu Karagwe. Hajawahi kufanya hivyo tangu anioe. Nimeitafuna taratibu.

Mungu akutunze, dada. Safari nyingine ukitufungia kahawa, jaza mfuko.

Mdogo wako,
Asimwe