Mkono Ulioinuka Nyasini

Nyumba za Asahi, Jengo la Pili,
Sakura, Chiba,
Japani.

8 Septemba

Mpendwa wifi yangu Masumi,

Pokea salamu za huku kwetu, zako kwanza, kisha za shemeji Nelson na mwanenu Akemi. Baridi ya huko kwenu Londrina imewaachia? Mama yako alisema mara ya mwisho ulipopiga simu ulikuwa unakohoa kila baada ya neno. Natumaini kifua kimefunguka na umepata mtu wa kukuchemshia tangawizi, maana wewe huuguza wenzako mpaka ukajisahau. Mimi mwili wangu ni mzima. Honoka naye mzima, ameng'oka jino la mbele na anapiga mluzi kupitia pengo kutwa nzima. Mama yuko hapa kwetu. Anakula kidogo, lakini anakula.

Nimejaribu kukupigia, wifi. Kila nikisikia sauti yako naishusha simu kifuani, unabaki kuniuliza, "Chinatsu, upo?" nami nalia tu upande huu. Kwa hiyo nimeona heri niandike. Shule unajua niliiachia njiani, nivumilie pale maneno yanapokwenda kombo. Mama anakuambia habari za mdogo wako Kiyoharu vipande vipande, nami nataka uzijue nzima. Na mwishoni nina jambo nitakuomba.

Kiyoharu bado amelala. Anapumua mwenyewe sasa, ile mashine waliiondoa. Macho huyafungua lakini hayamshiki mtu, yanapita juu yako kama unavyotazama ukuta. Daktari anasema joto lilimpanda mno mwilini, likafika kichwani. Kama atarudi akatujua, au atabaki hivi hivi, hakuna anayeweza kuniambia. Hilo ndilo ninalolala nalo na kuamka nalo.

Unaukumbuka mchezo wake wa bunduki za bandia, zile zinazorusha vipira vya plastiki vidogo kama punje ya mtama? Ulikuwa ukimcheka kwamba mwanamume mzima anacheza vita porini na waume za watu. Ulipoondoka kwenda Brazili akazama zaidi, akawa mdunguaji wa kikundi chao. Wenzake bunduki zao zinamwaga vipira kama mvua. Yake ilikuwa ya kukoki kwa mkono, kipira kimoja, unatulia, unakoki tena. Na sheria ya hapa haimruhusu mdunguaji kuwa na bunduki yenye nguvu kuliko ya wengine, kwa hiyo alichowazidi ni kulala kimya tu. Alikuwa akilala mpaka buibui wanamtandia utando begani. Mwenyewe aliniambia hivyo kwa majivuno, kama mtu aliyepandishwa cheo.

Vazi lake la majani tulilishona pamoja hapa hapa mezani. Tulifumua magunia, tukachovya nyuzi kwenye chai nzito ili ziwe na rangi ya nyasi kavu, tukazifunga moja moja kwenye wavu. Akilivaa na kulala ukumbini, Honoka alikuwa anamrukia akidhani ni zulia.

Sasa sikiliza kanuni yao moja, maana mambo yote yamekaa hapo. Kipira hakiachi alama mwilini, na refa hawezi kuona kila kichaka. Kwa hiyo ukipigwa unajisema mwenyewe. Unapaza sauti kwamba umepigwa, unainua mkono juu, unatoka mpaka kambini, unangoja mzunguko unaofuata. Na mtu aliyeinua mkono haongei na wanaocheza, wala wao hawaongei naye, asije akafichua adui yuko wapi. Unamwona, unapita. Kiyoharu aliipenda sana kanuni hiyo. Alisema ni mchezo wa watu wakweli. Alimfundisha hata Honoka. Wakirushiana soksi humu ndani, aliyepigwa anainua mkono na kwenda kukaa kwenye mkeka wa jikoni, ndiyo kambi, halafu wanaanza upya.

Jumapili ile ya mwanzo wa Agosti bwana Tobita, mkuu wao, alikuja kumchukua kwa gari asubuhi. Joto lilishaanza kuuma na nyenze walikuwa wanapiga kelele kwenye kila mti.

"Kiyo, leo ukilala usikorome," alimwambia akimpokea begi. "Safari iliyopita nilikukanyaga mguu ukanyamaza."

"Ulinikanyaga mkono."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema ungeniona."

Tukacheka wote. Nikampa chupa ya chai ya shayiri yenye barafu na mipira miwili ya wali yenye lile tunda chachu, ya kurudisha chumvi mwilini. Alimtekenya Honoka, akaingia garini. Chupa hiyo ilirudi nyumbani imejaa. Aliiacha kambini makusudi, wifi. Wadunguaji wote hufanya hivyo, nimeambiwa. Maji yanachezacheza ndani ya chupa, na mtu aliye karibu anasikia.

Yaliyotokea porini nimeyapata kwa Segawa. Unamjua, yule aliyesoma na Kiyoharu, aliyekuwa anakuja kwenu kula tikiti na kuacha mbegu kwenye maua ya mama. Siku hiyo walipangwa pande mbili tofauti. Karibu na mwisho wa mzunguko wa asubuhi Segawa alikuwa anakatiza kwenye nyasi ndefu kando ya mianzi, akaona mkono umeinuka kutoka chini. Glavu ile ya kijani ya Kiyoharu. Akajua mdunguaji kapigwa. Anasema alifurahi hata, maana walikuwa wanamsaka tangu asubuhi. Akainamisha kichwa kidogo kwa heshima, kama wanavyofanya, akapita.

Akapita, wifi. Kanuni inasema upite.

Filimbi ikalia, watu wakarudi kambini kula. Pale kiwanjani wanapika wali na mchuzi wa kari. Sahani ya Kiyoharu wakaifunika na sahani nyingine. Walikwisha kumzoea. Mwaka jana alilala kichakani chakula cha mchana kizima kisha akawatokea kwa nyuma wanakunywa kahawa.

"Mwacheni," mmoja akasema. "Anataka tumtafute."

"Hatafutwi mtu hapa," bwana Tobita akajibu. "Harufu ya kari itamtoa."

Ndipo Segawa akaweka kijiko chini. "Lakini yeye si alipigwa? Nilimwona ameinua mkono."

"Nani alimpiga?"

Wakatazamana. Bwana Tobita akauliza tena, meza hadi meza, upande wa njano na upande wa nyekundu, nani amempiga Kiyo. Hawa ni watu wanaobishania kipira kimoja wiki nzima, kila mtu anajua kampiga nani na wapi. Hakuna aliyekuwa amempiga. Basi mkono ule ulikuwa wa kuomba msaada.

Walikimbia wote. Walipita karibu naye wakimwita jina na hawakumwona, kwa jinsi lile vazi tulivyolishona vizuri. Segawa ndiye aliyerudi mpaka pale alipoinamisha kichwa, akapiga magoti, akapapasa nyasi kwa mikono yote miwili mpaka akashika glavu. Ngozi ilikuwa ya moto na kavu. Hospitali walilikata vazi kwa mkasi, wakanipa nyuzi zake kwenye mfuko wa plastiki.

Samahani nimeandika hayo yote kwa mkupuo. Nimesimama kidogo kumwosha Honoka nikarudi.

Mwezi ule wa Agosti mama hakufanya sikukuu ya wazee waliotutangulia. Hakuwasha moto wa kuwapokea mlangoni, hakutengeneza yule farasi wa tango wa kuwaleta wala ng'ombe wa biringani wa kuwarudisha. Nilinunua tango nikamwekea. Akalikata akalitia siki. "Mwaka huu hatufungui mlango," akaniambia. "Marehemu baba yake akija, wakati wa kuondoka ataondoka na mtu." Tukala tango lile.

Na Segawa amekuwa akija hospitali kila siku anapotoka kazini. Haingii. Anasimama kwenye korido karibu na dirisha, kofia mkononi. Mama amekataa asikanyage chumbani.

"Mwambie aende kwao," mama ananiambia.

"Mama, hamsumbui mtu. Anasimama tu."

"Ndicho anachokijua. Kusimama akaona, akapita."

Alilisema kwa sauti, lifike koridoni. Likafika. Kesho yake Segawa akaja tena, akasimama pale pale. Mimi, wifi, moyo wangu ulikuwa umegawanyika. Kuna siku nilitaka kumpiga na chupa ya maua. Kuna siku nilimpelekea chai. Yeye ndiye aliyempita, na ndiye aliyemrudia, na sijui nifanye nini na mambo mawili ndani ya mtu mmoja.

Sasa nifike kwenye jana. Tulikuwa chumbani mchana, mama anamkata kucha za miguu, mimi nakunja nguo, Honoka yuko sakafuni na rangi zake. Honoka akasema, taratibu tu, kama anayetaja mvua:

"Mama, baba kapigwa."

Nikageuka. Mkono wa kulia wa Kiyoharu ulikuwa umeinuka kwenye shuka. Vidole viko wazi. Ulitetemeka, ukakaa juu.

Muuguzi alikuja akautazama. Ni msichana mpole, hakutaka kuniumiza. "Misuli wakati mwingine hujivuta yenyewe, dada," akasema. "Tusikimbilie kutumaini." Nikamwitikia. Hata hivyo sikuuachia ule mkono macho.

Mama ndiye aliyenishangaza. Aliweka kikata kucha kwenye sinia, akaenda mlangoni na kandambili zake za hospitali, akafungua.

"Segawa. Ingia."

Akaingia kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu, akasimama miguuni pa kitanda. Mama akaunyooshea mkono ule kidole.

"Wewe ndiye uliyeuona siku ile. Sisi hatukuuona. Tuambie. Ulikuwa hivi?"

Segawa alitazama muda mrefu. Machozi yakawa yanamdondoka kidevuni naye hayafuti. "Hapana, mama," akasema. "Siku ile kiwiko kilikuwa kimelala chini. Kilichoinuka ni kiganja na kipande kidogo tu cha mkono. Leo kiwiko kimenyanyuka. Leo umepanda zaidi."

Mama akauliza, "Una hakika?"

"Nauona kila nikifumba macho, mama. Nina hakika."

Mama akavuta kiti. Nilidhani anakaa yeye, kumbe anamsogezea yule. Honoka tayari alikuwa ameparamia kitanda, ameushika mkono wa baba yake, anamwambia sikioni, "Haya baba, nenda mkekani, halafu tunaanza."

Mkono ukashuka taratibu. Daktari alikuja jioni akamchunguza, akasema ameandika alichoambiwa na watapima tena, na kwamba hawezi kuahidi kitu. Simlaumu. Yeye hajawahi kumwona Kiyoharu akilala kichakani. Sisi tunajua mtu huyu anaweza kukaa kimya kuliko mtu yeyote na bado yupo.

Ombi langu ndilo hili, wifi. Usiku wa jana mama alinisimulia mlivyokuwa wadogo mkicheza kujificha nyuma ya ghala la mpunga. Anasema kijiji kizima hakikuweza kumpata Kiyoharu, ila wewe hukuwa unamtafuta hata. Ulikuwa unasimama katikati ya ua, mikono kiunoni, unaita, "Uyoga, we Uyoga, chakula kinapoa," naye anashindwa kujizuia, anacheka, anajitoa mwenyewe. Mimi jina hilo sikulijua, hakuwahi kuniambia. Naomba ujirekodi kwenye simu ukimwita hivyo, kwa sauti ile ile ya uani, hata kama majirani wa Londrina watakushangaa. Usiifanye ya upole. Nitumie tumwekee sikioni.

Tumeshapeana zamu za kukaa kitandani, mkono usije ukainuka chumbani pakiwa hapana mtu. Mimi asubuhi, mama mchana. Jioni ni za Segawa. Mama ndiye aliyempangia.

Nisalimie sana shemeji Nelson, mwambie kahawa aliyotuma tumeifungua na muuguzi ameisifu. Akemi mbusu kwa ajili yangu, dada yake Honoka amemchorea pengo lake na mchoro nimeuambatanisha humu. Bwana Tobita pia anakusalimu. Amefunga michezo yote ya kikundi mpaka Kiyoharu aseme mwenyewe wafanyeje. Mungu akulindie kifua chako, akutunzie sauti, na wazee wetu wakae walipo kwa mwaka huu, wasituharakishe.

Mimi wifi yako nikupendaye, ninayeingoja sauti yako,

Chinatsu