Upande Wako wa Mkeka

Nandagala, Ruangwa
Mwezi wa nane, ufuta umeshauzwa

Kwa dada yangu Faudhia,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute na afya njema, wewe na shemeji Agapiti na watoto wenu. Sikupata akili ya kuuliza ni wangapi wala wanaitwa nani, kwa hiyo nawasalimu wote kwa pamoja, na mkubwa asije akanuna kwamba sikumtanguliza. Mimi mdogo wako Tunu mzima. Nimenenepa kidogo, ila hilo utajionea mwenyewe. Mume wangu Shaibu naye mzima, bado anaongea na mikorosho yake kuliko anavyoongea na mimi. Mama anakula, anasali, anagombana na kuku kama zamani. Macho tu ndiyo yamemchoka. Yana ukungu, na siku hizi mtu akisimama mlangoni Mama husubiri kwanza asikie sauti.

Najua unajiuliza kwa nini barua wakati dunia nzima ina simu. Namba yako ya zamani nimeipiga mpaka nikamzoea yule mama anayesema haipatikani. Mahali ulipo nimepajua juzi tu, na namna nilivyopajua ndiyo habari yenyewe. Kaa chini, dada. Ni ndefu, nawe unanijua, mimi kufupisha sikujaliwa.

Kwanza nikuambie wazi kinachonikaba. Tangu ulipokwenda kufunga ndoa ya bomani na Agapiti, Mama hajalitaja jina lako. Akiulizwa watoto wake anaanza na mimi, kana kwamba nilizaliwa wa kwanza. Zamani nilikuwa nikikutaja kwa makusudi, nikisema Faudhia alikuwa anapenda hiki, Faudhia angecheka kile, naye ananyanyuka anakwenda kuangalia moto hata kama moto haujawashwa. Nikaacha. Lakini nimekuwa na hamu moja, dada, kuliko hamu ya kitu chochote: nimsikie Mama akisema Faudhia, na akuone uso kabla ule ukungu haujafunga kabisa.

Unaukumbuka ukili wako? Ule mkanda wa ukindu uliousuka kwa ajili ya mkeka wetu wa pamoja, ukaukunja mviringo na kuutundika kwenye msumari juu ya kitanda cha Mama, ukaondoka kabla hatujaushona. Bado ulikuwepo. Nyumba ikivuja masika, Mama ndiye anayeuhamisha pakavu, kisha mvua zikiisha anaurudisha palepale. Nimeona akifanya hivyo masika baada ya masika, nikawa najiuliza mtu anayemkinga mwenzake na mvua amemkasirikia kiasi gani.

Sasa mwaka huu kikundi chetu cha akina mama kilipata nafasi kwenye maonesho ya kazi za mikono kule Nachingwea. Wewe unajua sisi na mikeka. Tunasuka ya bibi harusi, ya msiba, ya kumpa mkwe. Mtu anakuja nyumbani, anasema anachotaka, siku yake ikifika anachukua. Kwenda kuitandaza mbele ya watu nisiowajua ili wachague na waache, hilo sikuwahi kulifanya hata siku moja. Tukaambiwa kila mmoja awe na mkeka mmoja mkubwa wa kuvuta macho ya watu, na mimi ukindu ukaniishia katikati. Nilikuwa nimekaa uwanjani nikilalamika peke yangu, Mama akasema kutoka ndani kwamba nikipungukiwa, pale msumarini si kuna ukili. Alisema vile tu. Nikapanda juu ya kitanda, nikautungua, yeye kanipa mgongo.

Nikashona. Upande wangu huku, upande wako kule. Hapo ndipo nilipojua nimefanya kosa ambalo hata mtoto anayejifunza kusuka huonywa, la kuchanganya mikono miwili kwenye mkeka mmoja. Wewe unakaza, mimi nalegeza. Ulikuwa unasema nasuka kama mtu anayesinzia, na leo nakiri ulikuwa unasema kweli. Nilipoutandika, upande wangu ulilala na wako ukanyanyuka, umejikunja pembeni kama sikio la mbuzi. Nikaulowesha, nikauwekea mawe, wapi. Siku ya safari ikafika, nikaufunga hivyo hivyo kwenye bodaboda mpaka Ruangwa mjini, na kutoka pale nikapanda gari la Nachingwea na mzigo wangu na aibu yangu.

Sasa nicheke kidogo, dada, maana nilijiaibisha. Wenzangu walitundika mikeka yao juu ya kamba, wakaandika bei. Mimi nikatandika yangu chini, ule mkubwa mbele kabisa. Watu walipokuja kuangalia, nikafanya mlichonifundisha Mama na wewe: nikawaambia karibuni, vueni viatu, kaeni. Wakakaa! Nilikuwa nimebeba ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vyetu vya porini, ya kula mwenyewe, nikaona haya kula mbele ya wageni, nikawagawia. Wakala, wakaniuliza habari za Nandagala, wakanieleza habari za kwao, wakanishukuru, wakavaa viatu vyao wakaondoka. Wengine wakaja. Hivyo hivyo mpaka jua likazama. Wenzangu wameuza, mimi nimepata marafiki. Jirani yangu wa kibanda, mama mtu mzima wa Mnero anayeitwa Valentina, muuza vyungu, alinitazama siku nzima halafu akaniuliza kwa upole kama nimekuja kufanya biashara au nimefiwa.

Kesho yake akanisaidia. Akaniambia wageni niwakaribishe lakini bei niitaje kabla ya ming'oko. Kweli nikauza, mkeka mmoja baada ya mwingine, na nilipouza wa kwanza nilitaka kulia kwa furaha na kwa uchungu pamoja, maana nilimwangalia yule mtu akiondoka nao kwapani na sikujua nyumba utakamotandikwa. Lakini ule mkubwa ukabaki palepale mbele, watu wanaukalia. Kufika alasiri nikauangalia, nikaona umelala. Upande wako umetulia kando ya wangu, huwezi kujua kwamba ulikuwa unakataa. Mawe yalishindwa, watu wakaweza.

Valentina naye akaja kukaa. Akapitisha kidole kwenye mstari wa zambarau, pale unapoacha ukindu mmoja bila rangi katikati, ile tabia yako ambayo Mama alikugombeza mpaka akachoka. Akasema huu ukindu mweupe ameshauona. Nikamwambia haiwezekani, huo ni wa dada yangu, hakuna mwingine anayefanya hivyo. Akasema ndiyo, ameuona Tunduru, kwa mtoto wa marehemu dada yake, Agapiti, ambaye mke wake ni wa kutoka huku Ruangwa na kila mkeka wake una ukindu mweupe mmoja. Alikwenda kwenu mwaka jana kumwona mtoto mchanga.

Dada, nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Nilitaka aniambie yote kwa mara moja, ila namba yako alikuwa hana. Akaniambia una afya, kwamba umepungua kidogo, kwamba unapika ming'oko mkiipata na unawaambia watoto hii ni ya kwetu. Akaniambia kwamba alipokuuliza kuhusu nyumbani ulijibu kuwa huko kuna mdogo wako, ukaishia hapo. Basi hata wewe unaanza na mimi. Wewe na Mama mnafanana mpaka mnaudhi.

Kabla sijafuta machozi akaja mama mmoja mwenye nyumba ya kulala wageni, akaupenda ule mkeka mkubwa. Akataja bei iliyomfanya Valentina akohoe. Nilikuwa nimekuja kwa ajili ya siku kama hiyo, na wenzangu wa kikundi walikuwa wananitazama. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Huu una mwenyewe."

Akaniuliza, bila ubaya wowote, "Yuko wapi?"

Miaka yote watu wameniuliza hivyo hivyo, harusini, msibani, wakati wa korosho, dada yako yuko wapi, na mimi nina majibu mepesi tele, kwamba yupo, yuko safari, tutamwona. Siku ile hayakunijia. Nikaukunja mkeka, nikaukumbatia kama mtu niliyemkosa, na yule mama akaelewa akaenda zake.

Nikarudi nyumbani. Mama alikuwa barazani. Niliutandika tu mbele yake nikamwambia hujauona ulivyokwisha. Akainama. Macho hayakumsaidia, akatumia mkono. Alianza upande wangu akacheka, akasema kuna mtu alisinzia hapa. Kisha mkono ukavuka mshono ukafika kwako, ukasimama. Akaupapasa upande ule mpaka pembeni na kurudi, polepole. Akasema kwa Kimwera, na kwa Kiswahili haufiki utamu wake, lakini ni hivi: "Huu mkono wa Faudhia. Alikuwa anakaza tangu mdogo."

Alisema jina lako, dada. Nilikuwa nimelisubiri kwa muda mrefu, na lilipokuja lilikuja kama jambo la kawaida, kama mtu anayeomba chumvi. Nikakimbilia nyuma ya nyumba nikalia mpaka Shaibu akadhani mtu amekufa.

Niliporudi nikamweleza habari za Valentina, na Tunduru, na watoto. Akauliza kama Agapiti anakutunza. Nikamwambia Valentina amesema anakutunza. Akauliza kama watoto wanajua kwamba wana bibi. Halafu akasema kwamba mkeka ule ni mpana, hata mkwe na watoto wanaenea.

Sasa nakuungamia, na unisamehe. Nilipoona uso wake umefunguka vile, ulimi wangu ukateleza. Nilimwambia kwamba umetuma salamu kupitia kwa Valentina, na umesema mtakuja wote kabla ya msimu wa korosho. Hukusema. Hukujua hata kama mimi niko Nachingwea. Ni mimi niliyesema, kwa sababu nilitamani iwe kweli, na sasa siwezi kuirudisha. Kila mgeni akibisha hodi Mama anageuza kichwa haraka, anasubiri sauti, na ikiwa siyo anasema karibu kwa sauti ndogo.

Na mkeka ule ameuzuia. Hauuzwi, hauazimwi hata kwa msiba. Umetandikwa barazani, na sote tunakaa upande wangu, tumebanana, mimi, Shaibu, majirani. Mtu akisogea kule kwako Mama anampiga kwa fimbo yake miguuni na kumwambia hapo pana mtu. Tatizo, dada, ni kwamba kwa kuwa hakuna anayeukalia, upande wako umeanza kunyanyuka tena.

Njoo uukalie.

Nampa barua hii Valentina, anakuja kwenu mwezi ujao na gari la mahindi. Atabeba pia kifurushi cha ming'oko mikavu na kitenge cha mtoto wenu mdogo. Rangi nilichagua mimi, kama si nzuri mlaumu Mama, ndiye aliyenituma. Msalimie shemeji, mwambie simdai chochote isipokuwa akulete. Wabusu watoto mashavu yote mawili, lingine ni la bibi yao. Shaibu anakusalimu. Mama anajua habari za kifurushi tu, hajui kama ninaandika, anadhani mnajiandaa kuja.

Wasalaam.

Ni mimi mdogo wako anayesuka huku anasinzia,
Tunu