Chai chini ya meza, Kakoba

Mama mpenzi,

Mvua ya Mbarara imetufungia katika kihoteli cha Kakoba, mimi na mdogo wangu Neema, na matoke yao ni laini kuliko yetu ya kambini Nakivale.

Jana tukiwa tunakula hapa, bodaboda moja ilipiga kishindo mlangoni kama bunduki. Nilipogeuka, Neema alikuwa chini ya meza, mtu mzima, mikono kichwani. Watu walicheka. Mwenye hoteli, mama wa Kinyankole, alichuchumaa akamwekea chai pale pale sakafuni. "Pole, nyabo, dada yangu. Ni pikipiki tu. Kunywa polepole." Akakaa naye mpaka Neema alipotoka chini ya meza.

Leo asubuhi tulimweleza munganga wa hospitali. Alisema ubongo wa mtoto anayekua katika hofu hujifunza kukaa macho: sehemu inayoshtuka huwa nyepesi, na ile inayotuliza huchelewa. Si pepo. Ubongo huo bado unaweza kujifunza kutulia, taratibu, Neema akiwa na watu wasiomcheka.

Nikamjibu kama unavyosema wewe siku zote, kwamba tulipokimbia Kivu Neema alikuwa mtoto mchanga mgongoni mwako, hakuona kitu. Munganga akauliza, "Mtoto akibebwa mgongoni, sikio lake linalala wapi?"

Neema ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Pale, fasi moyo ya mama iko inapiga."

Tukirudi Jumamosi usimwambie tena kwamba hakuona kitu, Mama. Hatukulaumu. Mkumbatie tu, muda mrefu, mpaka ausikie moyo wako ulivyotulia.

Mwanao anayekupenda,
Bahati