Mtu Ambaye Hakushuka Garimoshi

Nakivale, 14 Agosti 2013

Kwako mdogo wangu Goretti,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, halafu kwa jina la magoti yangu, maana siku hizi ndiyo yanayolia kwa Mungu kuliko mimi. Je, u mzima? Kifua kimekuacha? Na hao masista wa Nyamitanga unaowapikia, bado wananenepa? Waambie hiyo sombe yako ya majani ya mihogo ni dhambi, waende wakaiungame. Sisi huku tupo tu. Mvua imekataa, mihogo imesinyaa, na Bénédicte mke wangu ameanza kuniita mzee mbele za watu, kana kwamba yeye nilimwoa juzi.

Umeuliza kama bado ninatafsiri filamu kwenye kibanda cha video. Ninatafsiri, lakini nimechoka, dada. Miaka kumi na mitano nimekaa kando ya televisheni na maikrofoni, jenereta inanguruma nyuma, nawaeleza watu Kiingereza ambacho mimi mwenyewe sikijui. Unajua siri hiyo, na ulinicheka sana. Mimi huangalia nyuso. Mtu akikunja uso, namtukanisha. Akishika mkono wa mwanamke, namwahidisha mahari. Filamu za Wachina ndizo rahisi: mzee mwenye ndevu nyeupe lazima afe, lakini hafi mpaka amalize maneno yake yote. Za Wahindi nazipenda kwa moyo, ijapokuwa sielewi watu wanaimba vipi kwenye mvua nusu saa wasipate homa ya mapafu. Za Wanaijeria hazinihitaji: mchawi unamjua kwa nyusi zake.

Lakini zinazonikamata kweli ni zile zilizotolewa kwenye vitabu. Kitabu kinakuonyesha mtu anawaza. Filamu haiwezi, kwa hiyo inampa sigara. Hata hivyo uso mmoja mzuri unaweza kufanya kazi ya kurasa kumi. Wakumbuka ile ya mwanamke na garimoshi? Kitabu chake moniteur wetu wa shule alitusomea kwa Kifaransa nilipokuwa mwaka wa tano, kila Jumamosi kipande kidogo. Mume amekwenda vitani, mke anamngoja kituoni. Kabla hatujafika mwisho, baba akanitoa shule nikalime mihogo. Basi mwisho ule nimeukosa tangu utoto, nikawa nauwaza nikiwa na jembe.

Bon. Nakuja kwenye jambo lenyewe. Jumapili Musoni fundi mbao alikuja kwangu. Alikaa kwenye kigoda alichokitengeneza yeye mwenyewe, akakilaumu kwanza, halafu akasema amekuuliza mara tatu umwoe au umkatae, na mara zote unamjibu Gad mumeo atarudi. Nikamtania kwamba mwanamume ndiye anayeoa. Hakucheka. Akasema hii ya nne ndiyo ya mwisho, naye ana miaka hamsini na mbili, amechoka kula bugari ya jirani. Nami nina barua yako hapa mezani, fasi ile, mahali ulipoandika kwamba hata yule mume wa kwenye filamu alichelewa, na mwishoni alirudi.

Goretti, hakurudi.

Mwisho wa filamu ile niliupata kwa Faizo, yule kijana anayeuza diski pale Kakoba, mwaka 2007. Yeye Kiingereza anakijua. Aliniambia kila kitu kabla sijanunua: garimoshi linafika, askari wote wanashuka, mume hayumo, amekufa zamani. Mke anavua pete, anarudi nyumbani, anafungua madirisha. Ndiyo maana niliinunua. Ndiyo maana nilikubembeleza uje kibandani siku ile, nikakuwekea kiti mbele. Nilitaka filamu ikuambie neno ambalo mdomo wangu ulishindwa.

Nilitafsiri vizuri mpaka kituoni. Halafu nikakuangalia. Ulikuwa umeshika kitenge chako kwa mikono miwili, unahesabu wale askari wanaoshuka. Mwanamke akafungua dirisha, akatazama njia, nami nikasikia sauti yangu kwenye spika inapiga kelele: Anamwona! Yule pale, anakuja kwa miguu! Kibanda kizima kikapiga makofi. Wewe ulilia kwa furaha. Naboth, yule askari aliyekuja likizo kutoka kambi ya Mbarara, alingoja watu watoke, akaniambia kwa Kiswahili chake cha jeshi: mzee, wewe naongopa sana, ile mtu nakufa. Nikamjibu kwenye kibanda changu hafi mtu bila ruhusa yangu. Tukacheka. Tangu siku hiyo sijacheka vizuri.

Sasa lenyewe. Gad amekufa, dada. Aliporudi kuchukua cherehani yake mwaka ule wa 1996 tulipokimbia vita, hakutukosa njiani kama tulivyodhani. Aliugua tumbo mlimani, siku tatu tu. Kalume, yule wa kijijini kwetu, alikuwa naye, na ndiye aliyemzika. Aliniambia alipofika hapa, mwaka mmoja kabla ya filamu. Nilimkataza asikuambie, kwa sababu ulikuwa umetoka hospitali wiki ileile, na ulikuwa umeanza kula. Halafu wiki ikawa mwezi, na mwezi ukawa miaka saba. Nimekuibia miaka hiyo, na mimi ni kaka yako.

Njoo Jumamosi. Kalume atakuwepo, atakuambia kwa kinywa chake mlima gani na mti gani. Tutakaa matanga kama watu, hata kama tumechelewa. Ukitaka kunitukana, nitukane mbele ya wote, sitatafsiri. Musoni nimemwambia asikukaribie mpaka uwe umelia ukashiba. Jibu lako kwake ni lako, ndiyo au hapana, mimi sina mwisho wa kukupa.

Bénédicte anakusalimu. Anasema kama huna kitambaa cheusi usinunue, atakuazima chake.

Ni mimi kaka yako,
Baudouin