Kwa Nini Dada Yangu Hakupiga Kelele

MAELEZO YA SHAHIDI
Yameandikwa kituoni Kambu, Kaunti ya Makueni, dawati la jinsia

Jina: Nthenya Mutie
Umri: Miaka 17
Kazi: Mwanafunzi wa kidato cha nne, shule ya bweni, Kitui
Makazi: Kilungu. Likizo hii naishi kwa dada yangu, Kambu
Mtu mzima aliyeketi nami: Mama yangu, Kalunde Mutie

Leo ni Jumatano, tarehe 13 Agosti 2025. Naahidi kueleza yote, pamoja na maneno niliyoyasema mimi mwenyewe ambayo sasa yanatumiwa dhidi ya dada yangu.

Dada yangu anaitwa Mwongeli. Ameolewa na Musyimi Kaloki, ambaye mimi humwita shemeji. Wana duka la vifaa vya ujenzi kando ya barabara kuu ya Mombasa, na dada ndiye anayeuza. Kwa miaka mitatu amekuwa akisomea shahada ya biashara kupitia mtandao. Alichagua masomo hayo kwa sababu anaweza kusoma wakati hakuna wateja. Mwanzoni shemeji hakukataa. Alisema kusoma kwa kompyuta si kusoma, ni kutazama picha. Alianza kukasirika mwaka huu, dada alipomwambia kwamba akihitimu ataomba kazi mjini Kitui.

Naomba nieleze jinsi mitihani yao inavyofanywa, kwa sababu bila hilo nitaonekana nadanganya. Anayefanya mtihani hukaa peke yake katika chumba kilichofungwa. Kamera ya kompyuta humtazama na kumsikiliza mwanzo hadi mwisho. Ngurumo za malori hazina shida. Lakini mlango ukifunguliwa, au sauti ya mtu ikisikika, mtihani unafutwa. Mwezi wa Aprili dada alifutiwa karatasi moja kwa sababu mteja alichungulia akauliza, "Mama, uko na misumari ya inchi tatu?" Aliruhusiwa kuirudia mara moja tu. Ikifutwa tena, anaondolewa kwenye masomo. Siku ya kuirudia ilikuwa jana.

Mnamo tarehe 12 Agosti 2025, mwendo wa saa tatu na nusu asubuhi, dada aliingia stoo iliyo nyuma ya duka. Ni chumba cha mabati kisicho na dirisha, na ndimo simiti inamowekwa. Hakuna chumba kingine pale chenye mlango ambao wateja hawaufikii. Aliweka kompyuta juu ya mifuko, akakalia ndoo ya rangi. Mtihani ulikuwa uanze saa nne na kumalizika saa saba. Mimi nilibaki kaunta.

Muda mfupi kabla ya saa nne shemeji alifika. Hakunisalimia. Alienda moja kwa moja hadi mlango wa stoo, akasema, "Si ulisema unataka chumba hakuna mtu ataingia? Haya. Hakuna mtu ataingia." Akafunga kwa kufuli kutoka nje.

Nikamwambia, "Shemeji, dada yuko ndani."

Akasema, "Wewe uza duka. Akimaliza, hiyo digrii yake itamfungulia."

Alitia ufunguo mfukoni, akapanda pikipiki yake, akaelekea upande wa Kibwezi.

Nilienda mlangoni. Dada aliniuliza kwa sauti ya chini, "Amefunga?"

Nikasema ndiyo.

"Na ufunguo?"

"Ameenda nao."

Kisha akasema, "Basi mtu asiguse mlango mpaka nimalize. Usiniite. Hata ukisikia nakohoa, usiniite." Hatukuzungumza tena hadi mtihani ulipokwisha.

Sikuwa na subira kama yake. Nilikimbia kwa jirani, Evanson Githaiga, fundi wa kuchomelea vyuma, nikamwambia shemeji amemfungia dada stoo. Alikuja na grinda. Aliitazama kufuli akiwa bado kaunta, akasema, "Hii ni kidogo. Hata chai yangu haitapoa." Alipoinama kuikata ndipo nilipokumbuka kwamba mtihani umeshaanza, na mlango ukifunguka, miaka mitatu ya dada imekwisha. Nilimshika mkono nikamvuta hadi nje.

Nikamwambia, "Fundi, hakuna shida. Rudi saa saba."

Akasema, "Mtu amefungiwa na simiti na unaniambia hakuna shida?"

"Hakuna shida. Tafadhali rudi saa saba."

"Nyinyi watu wa Kilungu mna vichwa kama yale mawe yenu," akasema, akaenda zake.

Hayo ndiyo maneno niliyotaja mwanzoni. Ni kweli niliyasema. Fundi akiwaambia kwamba nilimrudisha, hadanganyi.

Niliegesha mlango wa duka na kuweka kreti mbele ya stoo, nikaketi. Wateja waliokuja niliwaonyesha kwa mkono warudi baadaye. Mmoja aliniuliza kama nimekuwa bubu. Jua lilipopanda, mabati yalianza kulia. Nilisikia dada akikohoa kwa sababu ya vumbi la simiti. Nadhani alikuwa ameziba mdomo kwa leso, kwa maana sauti ilikuwa nzito. Katikati ya kikohozi nilisikia vidole vyake vikiandika. Baadaye kikohozi kilikoma, na vidole pia vikakoma. Nililala kifudifudi sakafuni, nikachungulia chini ya mlango. Niliona miguu yake. Niliitazama mpaka kidole kimoja kikasonga, kisha nikasikia anaandika tena. Mkono wangu ulikuwa tayari mlangoni. Sijui ningefanya nini kama kidole kisingesonga.

Saa saba dada alisema, "Nthenya, ita fundi." Evanson alikuwa amesimama nje tayari. Alikata kufuli. Dada alitoka nguo zikiwa zimelowa jasho na uso una vumbi jeupe. Alikunywa maji, akasema, "Nimejibu yote. Swali la kwanza liliuliza jinsi ya kugawana kazi katika biashara ya familia." Alicheka kidogo. Halafu akaketi chini na hakuweza kusimama. Tulimbeba hadi zahanati, akawekewa maji ya mshipani.

Shemeji alirudi jioni. Aliwaambia majirani, na baadaye akaja kuwaambia ninyi, kwamba dada alimwomba amfungie ili asisumbuliwe. Alisema, "Muulizeni kama alipiga kelele hata mara moja." Mzee Muindi wa kanisa letu alisema mtu akifungiwa kwa nguvu hulia, na huyu hakulia. Leo asubuhi nawe, afande, uliniuliza swali hilo, na nimelijibu kadiri ninavyoweza. Dada aliomba chumba kitulivu. Hakuomba kufuli. Hakupiga kelele kwa sababu kelele ingemtoa stoo na kumtoa chuoni pia. Shemeji alikuwepo Aprili karatasi ilipofutwa. Alijua kwamba dada hangepiga kelele.

Kompyuta ya dada mliichukua jana jioni, kwa sababu huenda kamera yake, iliyokuwa imewashwa kabla ya mtihani kuanza, ilirekodi maneno ya shemeji. Dada mwenyewe aliitoa. Sasa yuko kwa mama, Kilungu.

Nimeyasema haya mwenyewe, bila kufundishwa na mtu, na sina jingine nililoficha.

Sahihi ya shahidi: N. Mutie
Alama ya kidole ya mama: K. Mutie

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Wamaitha, kwa Kiswahili. Nimemsomea shahidi mbele ya mama yake, naye amekubali kuwa ni sahihi. Kompyuta moja na kufuli moja iliyokatwa vimehifadhiwa kama vielelezo. Shahidi ameomba kuongeza swali kwa mkono wake mwenyewe. Nimemruhusu.

Afande, karatasi ya mwisho ya dada ni Jumatatu, tarehe 18, saa nne asubuhi, na kompyuta yake iko katika kabati lenu. Nyumbani kwa mama mtandao haufiki. Unapatikana njia panda tu, mahali watu wanapopita wakisalimiana. Chumba hiki tulimoketi kina dirisha, na mlango wake unafungwa kwa ndani. Tunaondoka na gari la saa kumi, na dada atatuuliza tukifika. Je, tumwambie kwamba anaweza kuja kufanyia mtihani wake hapa?